Kusafirisha wadudu hai bila kuingia matatani: mwongozo kamili kwa mtu wa Kenya na jirani zake

Tangu ile kesi ya sisimizi ya 2025 simu yangu haijapumzika. Watu wananiuliza swali lilelile kwa namna kumi: hivi mdudu naye anataka pamiti? Ndiyo anataka, tena saa zingine pamiti mbili tatu, na nimeamua kuandika yote mahali pamoja kwa sababu inaniuma kuona kijana wa watu anaingizwa kwenye biashara na mgeni aliyemkuta kijijini, mgeni anapanda ndege, kijana anabaki na askari.

Mimi nimefuga vipepeo huku Kilifi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke miaka mingi, na karatasi za mizigo nimezijaza mpaka nazijua kwa kichwa. Kwa hiyo mifano mingi hapa ni ya Kenya, lakini nitagusa Tanzania pia na nchi ambako mizigo inaenda.

Tuanze na kesi yenyewe maana wengi wameisikia nusunusu. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa kwenye gesti huko Naivasha, kaunti ya Nakuru, wakiwa na malkia wa sisimizi kama 5,000 ndani ya vichupa vyembamba vya maabara 2,244, kila kichupa kimewekwa pamba. KWS, shirika la serikali la wanyamapori, walisema upakiaji ule ungewaweka hai mpaka miezi miwili. Wale vijana walijitetea kwamba hawakujua ni kosa. Tarehe 7 Mei korti ya uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, ikawapiga faini ya shilingi milioni moja kila mmoja ama kifungo cha miezi 12. Halafu sikiliza hapa: kulikuwa na Mvietnam mmoja na Mkenya mmoja, kesi yao tofauti, wao walikuwa na sisimizi mia kadhaa tu, wakapata adhabu ileile. Idadi ndogo haikuwasaidia na kutojua hakukuwasaidia mtu.

Hatua ya kwanza: kubali kwamba mdudu ni mnyamapori

Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haizungumzii ndovu na simba peke yake. Kwa tafsiri yake mnyamapori ni mnyama yeyote wa porini wa asili ya hapa, mmea, hata kiumbe kisichoonekana kwa macho, na pia wale walioletwa kutoka nje wakazoea hapa. Ukubwa wa mnyama haujatajwa popote. Mnakumbuka ile homa ya kware ya 2013 kuingia 2014, kila mtu anafuga kware nyuma ya nyumba, halafu watu wakashangaa kuambiwa leseni inatoka KWS na si kwa daktari wa mifugo? Ni jambo lilelile. Kware, kipepeo, sisimizi, mlango ni mmoja.

Watu wengine huniambia lakini sisimizi hayumo kwenye CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kweli, huyu aliyeleta kesi, Messor cephalotes, yule mkubwa mwekundu anayevuna mbegu za nyasi, wakati anakamatwa hakuwa kwenye orodha ya CITES. Lakini CITES ni mkataba wa biashara kati ya nchi na nchi, haifuti sheria ya nyumbani. Mdudu akiwa nje ya CITES maana yake umepunguza karatasi moja tu, sheria ya Kenya bado imekusimamia mlangoni.

Hatua ya pili: jua jina lake kamili

Hapa ndipo wengi wanateleza. Huku kwetu mtu anasema mchwa akimaanisha sisimizi, mwingine anasema siafu kwa kila kinachouma, na kumbikumbi kila mtu anamjua kwa sababu tunamla, lakini kumbikumbi ni mchwa aliyeota mabawa, si sisimizi. Ofisini hawataki jina la nyumbani. Kila pamiti inaandikwa jina la kisayansi, na ukikosea jina moja kwenye karatasi moja mzigo wote unashikwa.

Piga picha za karibu, mgongo, ubavu na kichwa, weka rula pembeni, kisha tafuta mtu wa kumtambua. Makumbusho ya Taifa pale Nairobi wana idara ya wanyama wasio na uti wa mgongo yenye mkusanyo mkubwa wa wadudu, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Duduville, Kasarani, wataalamu wa wadudu ndiyo kazi yao ya kila siku.

Ukishapata jina ndipo uangalie CITES. Wadudu waliomo si wengi: wale vipepeo wakubwa wa Asia na Papua wa jenasi Ornithoptera, Troides na Trogonoptera, mmoja wao Ornithoptera alexandrae yuko Kiambatisho cha Kwanza ambacho biashara ya waliotoka porini haipo kabisa, kisha apollo wa milima ya Ulaya, na mbawakawa wachache. Watu wa wadudu wa kufuga mara nyingi wanachanganya na buibui na nge, ambao si wadudu lakini wanauzwa duka moja, kwa hiyo nitaje: nge mkubwa mweusi wa Afrika Magharibi Pandinus imperator yumo Kiambatisho cha Pili, kile ambacho biashara inaruhusiwa kwa pamiti, na tarantula wa jenasi Brachypelma na Poecilotheria wamo pia. Yule buibui wetu wa rangi ya chungwa wa Usambara na pwani, Pterinochilus murinus, hayumo, lakini rudi hatua ya kwanza, ni mnyamapori wa nchi alikotoka.

Hatua ya tatu: ametoka wapi?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote na ningeweza kuandika juu yake peke yake. Kuna mdudu uliyemwokota, na kuna mdudu aliyezaliwa kwako kutoka kwa wazazi ulio na leseni ya kuwafuga. Hao wawili wanaweza kufanana mpaka nukta ya mwisho lakini mbele ya sheria ni vitu viwili tofauti.

Chukua sisimizi. Mvua ikinyesha malkia wanaruka, wanapandana, wanashuka chini, kila mmoja anachimba shimo lake aanzishe kundi. Ni wakati huo huo wanaokotwa kirahisi, maana wako juu ya ardhi na hawana ulinzi. Sasa ukimchukua malkia mmoja hujachukua mdudu mmoja, umechukua kundi zima ambalo lingevuna mbegu na kulegeza udongo pale kwa miaka na miaka. Ndiyo maana wanunuzi wa nje hawamtaki mfanyakazi, wanamtaka malkia. Na ndiyo maana ukiona mtu anakupa mia mbili kwa kila malkia mwenye mabawa yaliyokatika, jua bei anayouza yeye Ulaya haifanani na hiyo hata kidogo.

Upande wa pili kuna njia halali na iko hapa hapa kwetu. Mradi wa Kipepeo pale Gede ulianza 1993, wakulima wanaopakana na msitu wanafuga vipepeo kutoka yai mpaka pupa, yaani kile kifuko ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, wanapeleka pupa kwenye mradi, na mradi ndio unauza nje kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mkulima hajifungii mzigo wa Ulaya mwenyewe chumbani. Ushauri wangu kwa mtu anayeanza ni huu, na nausema kwa moyo wote: jiunge na kikundi ama mradi wenye leseni tayari, usijaribu kuwa eksipota wa peke yako mwaka wa kwanza. Karatasi zitakumaliza na wadudu watakufa ukizisubiri.

Kama bado unataka kwenda mwenyewe, nenda KWS uombe leseni ya ufugaji kabla hujakamata hata kiwavi mmoja. Ukishapata anza daftari: tarehe mayai yametagwa, mti gani, mangapi yameanguliwa, pupa ngapi, zimeenda wapi. Hilo daftari ndilo ushahidi wako kwamba wadudu wako hawakuokotwa.

Hatua ya nne: anza na nchi inayopokea

Watu wengi wanaanza na pamiti ya kutoka, kisha wanamwambia mteja mzigo uko tayari, mteja anasema sina kibali cha kuingiza. Geuza. Mwambie mteja akutumie kopi ya kibali chake kwanza, ndipo uanze mbio zako.

Marekani ni mfano mzuri kwa sababu wana ukali wa tabaka tabaka. Mdudu hai anayeweza kudhuru mimea anahitaji pamiti ya Idara ya Kilimo, kitengo chao cha APHIS, inaitwa PPQ 526, na hiyo haidaiwi kwa kuingia nchini peke yake, inadaiwa hata kumvusha kutoka jimbo moja kwenda jingine. Ndiyo sababu kule vile vibanda vya sisimizi vya watoto vinauzwa vikiwa na wafanyakazi bila malkia. Kwa hiyo ndugu yako aliyeko Texas hawezi kumtumia rafiki yake wa Minnesota malkia kwenye bahasha eti wote wako nchi moja. Juu ya hapo mzigo unaotoka nje unatangazwa kwa Fish and Wildlife Service, idara yao ya wanyamapori, kwa fomu 3-177. Na kuna sheria yao ya zamani, Lacey ya mwaka 1900, inayosema mnyama aliyechukuliwa kwa kuvunja sheria ya nchi nyingine ni haramu kwao pia. Yaani ukimtoa Kenya kimagendo, kosa linamfuata mpaka kwa mnunuzi wa mwisho.

Ulaya, kwenye nchi za Umoja, kuna orodha ya spishi vamizi ambazo hairuhusiwi kuingiza, kufuga, kuuza wala kusafirisha. Sisimizi wa moto Solenopsis invicta na ndugu zake wawili waliingizwa kwenye orodha 2022, pamoja na yule mdogo Wasmannia auropunctata. Kisha kila nchi ina nyongeza zake, kwa hiyo Ujerumani na Ufaransa usizihesabu kama nchi moja, muulize mteja barua kutoka mamlaka yake.

Hatua ya tano: karatasi za nyumbani

KWS ndio wenye pamiti ya kutoa mnyamapori Kenya, na ndio pia mamlaka ya CITES ya nchi, kwa hiyo kama mdudu wako yumo kwenye orodha, karatasi hiyo inatoka mlango huohuo.

Kama mzigo ni wa utafiti, mambo yanaongezeka: leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha kufikia rasilimali za kijenetiki chini ya kanuni za 2006, pamoja na makubaliano ya kugawana faida. Hii ya mwisho ilikuja kutiliwa nguvu na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa dunia ulioanza kutumika 2014. Maana yake ni kwamba mtu akichukua kiumbe chetu akakitengenezea dawa ama bidhaa, lazima kuwe na maandishi kwamba nchi na jamii itapata fungu lake. Mtu akikwambia ni sampuli tu za chuo, mwombe hizo karatasi tatu. Mtafiti wa kweli hatakasirika, atakutolea kwenye begi.

Ukiwa unaingiza mdudu kutoka nje, mtu wako ni KEPHIS, shirika la kukagua afya ya mimea, na jibu halitoki siku moja kwa sababu kiumbe hai kigeni kinajadiliwa na kamati kabla ya kukubaliwa, na kinaweza kuwekwa karantini Muguga. Nyuki wana mlango wao kwa idara ya mifugo, usiwachanganye na hawa wengine.

Mwisho kabisa linganisha karatasi zote, moja baada ya nyingine, kwa kidole. Hili tumelilipia. Mara moja kikundi chetu tuliandika pupa 400 kwenye invoisi na pamiti ilisema 380, kwa sababu asubuhi ile mwenzetu mmoja alileta ishirini za ziada tukaona haya tuziache. Mzigo ukaondoka Alhamisi jioni, ukashikwa kwenye uwanja wa kupitia, ukalala pale wikendi nzima. Jumatatu mteja akanitumia picha. Sanduku liko wazi, vipepeo wetu wa jenasi Charaxes wametoka ndani ya pupa zao humo humo ndani ya pamba, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakaukia mfukoni, kwa sababu kipepeo akitoka lazima apate pa kuning'inia mabawa yashuke na kujaa, na wale hawakuwa na pa kuning'inia. Walikuwa hai bado. Ile picha sijaifuta.

Hatua ya sita: usafiri, na kwa nini posta siyo

Kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinakataza wanyama hai kwenye barua, isipokuwa wachache wanaotajwa kwa majina: nyuki, ruba, viwavi wa hariri, wadudu wanaokula wadudu waharibifu wakitumwa kati ya taasisi zinazotambuliwa, na wale nzi wadogo wa matunda wa maabara. Sisimizi hayumo, mbawakawa hayumo, pupa wa kipepeo hayumo. Kampuni nyingi za vifurushi nazo hazipokei kiumbe hai. Na tafadhali sana usiandike "vinyago" ama "nguo" juu ya boksi lenye roho ndani. Hapo umeongeza kosa la kudanganya forodha juu ya lile la kwanza.

Njia ni kago ya ndege. Mashirika yanafuata kanuni za wanyama hai za IATA, chama cha mashirika ya ndege, zinazotolewa upya kila mwaka, kwa hiyo toleo la juzi halikusaidii. Piga simu ofisi ya kago mapema, uliza kama ndege ile inapokea wadudu hai, kama kuna kubadilisha ndege na kwa masaa mangapi. Utajaza tamko la msafirishaji, boksi litabandikwa lebo ya wanyama hai, na kopi za pamiti zinafungwa nje kwenye mfuko wa plastiki huku zingine zikisafiri na hati ya kago. Originali usiiweke ndani ya boksi, ofisa hatakuja kufukua pamba akitafuta karatasi.

Hatua ya saba: kupaki

Usiku kabla ya safari chagua mmoja mmoja. Pupa nzima ina uzito mkononi, na nyingi ukizigusa zinatikisa tumbo. Iliyo nyepesi kama ganda, iliyobadilika kuwa nyeusi na kunuka, ama yenye kitundu kidogo kama kimetobolewa na sindano, itoe, hiyo imeliwa na nyigu vimelea na hutaki kuwapeleka nyigu nchi ya watu bila pamiti yao. Pupa za Charaxes, kijani kama tunda bichi, zinaharibika haraka zikigongana, kwa hiyo kila moja na kiota chake cha pamba. Za yule wa malimau, Papilio demodocus, mimi nazipenda kwa safari kwa sababu zinakaa kama wiki mbili, una nafasi ya kupumua.

Tabaka la pamba, tabaka la pupa, tabaka la pamba, kisha boksi gumu ndani ya boksi la pili lenye kuzuia joto. Usimwage maji, unyevu mwingi unaleta ukungu kabla ndege haijatua. Ondoa kila jani na kila chembe ya udongo, maana udongo peke yake unatosha kufanya mzigo uchomwe. Tuma Jumatatu ama Jumanne, kamwe si Alhamisi, na angalia sikukuu za kule, si za huku tu.

Ndani ya nchi je, kaunti hadi kaunti?

Wengi wanaamini ndani ya Kenya hakuna shida. Kwanza mwenye leseni anatakiwa kuuliza KWS kibali cha kuhamisha kila anapotoa wanyama shambani. Pili kuna sababu nzito ya kutomhamisha mdudu ovyo. Kule Laikipia, miti ya miiba inayolia upepo ukivuma ilikuwa inalindwa na sisimizi wake, ndovu akiila wanamvamia puani. Akaja sisimizi mgeni mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, akawaua wale walinzi. Ndovu wakavunja miti, uwanda ukabaki wazi, simba wakakosa pa kujificha kuvizia pundamilia na wakaanza kuwinda nyati. Utafiti huo ulifanyika Ol Pejeta na ulitoka mwaka 2024. Kwa hiyo ukitoa kundi la sisimizi Mombasa ukalipeleka Nanyuki kwa rafiki eti ni zawadi, fikiria unachobeba.

Kwa ndugu zetu wa Tanzania hali ni ngumu zaidi. Sheria yao ni ya 2009 na msimamizi wa mapori ni TAWA, mamlaka yao ya wanyamapori, lakini 2016 serikali ilisimamisha kabisa kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na katazo hilo likawakumba hata wakulima wa vipepeo wa Amani, Usambara Mashariki, ambao walikuwa wamejenga soko lao kwa mikono. 2022 kukatangazwa kufunguliwa kwa muda, na siku chache tu baadaye likasitishwa. Kwa hiyo kabla ya kufuga hata pupa moja ya kuuza nje ukiwa huko, pata jibu la maandishi kutoka wizarani, la mdomo usilitegemee. Na usimvushe mdudu Lunga Lunga ama Namanga ili "awe wa Kenya", hiyo inaitwa magendo pande zote mbili.

Mtu akija kukuomba umwokotee

Muulize mambo matatu: pamiti ya KWS iko wapi, jina lililo juu yake ni lako au lake, na spishi iliyoandikwa ni hii? Akisema pamiti iko njiani, nawe sema sisimizi wako njiani. Kama tayari umewaokota na bado wako hai, usiwatupe kokote, wapeleke ofisi ya KWS iliyo karibu, mweleze ofisa ulivyoombwa na nani, ukiwa na mwenyekiti wa mtaa ama mzee wa kijiji pamoja nawe, na uondoke na namba ya kumbukumbu.

Na kwa wale mliotuma kihalali kazi haijaisha ndege ikiruka. Mteja akufungulie boksi kwa video, ahesabu hai na waliokufa, akutumie siku hiyohiyo. Hesabu hizo zinaingia kwenye lile daftari, safu ya mwisho kulia, karibu na namba ya pamiti, kwa sababu ukirudi KWS kuomba pamiti inayofuata ndiyo safu ya kwanza ofisa atakayoifungua.